Kebo ya kuchaji imekwama kwenye gari la umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na madereva wa Uganda

Ukurasa huu ni wa madereva wa magari ya umeme walioko Uganda. Kuna wenye Nissan Leaf za mtumba zilizotoka Japani zikapitia bandari ya Mombasa, kuna wenye magari mapya ya Kichina, na kuna wageni wanaoingia na magari yao kupitia mipaka ya Busia na Malaba. Maswali haya ndiyo tunayopigiwa simu na watu waliosimama kando ya gari, kebo ikiwa imegoma kutoka. Kama ndiyo hali yako sasa hivi, soma jibu la kwanza. Mengine utayasoma ukishafika nyumbani.

Kebo haitoki. Nianze na nini?

Acha kuvuta. Kisha simamisha chaji kwa njia ile ile uliyoianzisha: kama ulitumia kadi, gusisha kadi ile ile, kama ni programu ya simu, bonyeza kusimamisha, kama ni soketi ya ukutani nyumbani, zima swichi. Subiri kidogo hadi taa ya chaja au ya gari ionyeshe kwamba umeme hauendi tena.

Sasa chukua rimoti. Hata kama milango iko wazi, ifunge kwa rimoti kisha uifungue tena, kwa sababu kwenye magari mengi kufuli la chaji hufuata kufuli la milango. Wakati unabonyeza kufungua, mkono wako mwingine uwe umeshika kichwa cha kebo, unakinyanyua kidogo na kukisukuma NDANI, kuelekea gari. Ukisikia mlio mfupi wa mota ndogo, vuta mara moja, moja kwa moja, bila kupinda kushoto wala kulia. Usichelewe, maana magari mengi hujifunga tena baada ya sekunde chache.

Haikutoka? Rudia tena taratibu. Simu nyingi tunazopigiwa huishia hapa.

Nataka itoke, mbona unaniambia nisukume ndani?

Kwa sababu kinachoshika kebo mara nyingi ni kipini chembamba kinachosukumwa na mota ndogo sana. Kipini hicho hupita kwenye tundu la gari na kuingia kwenye kijishimo kilichochongwa kwenye kichwa cha kebo. Kichwa kikikaa sawa, kipini hurudi nyuma bila shida. Kebo ikining'inia na uzito wake wote, kichwa huinama, kijishimo hukibana kipini, na ile mota ndogo haina ubavu wa kukitoa. Ukivuta ndiyo unazidi kukibana. Gari linajaribu kufungua, wewe unalizuia.

Kuna dereva nilimkuta kwenye maegesho kule Ntinda, Kampala, mguu ameuegemeza kwenye bampa, askari wa lango amemshika kiunoni, wanavuta pamoja. "Ssebo, vuta, inakuja!" askari anamtia moyo. Kebo ilikuwa ya chaja kubwa, nene kama mkono wa mtoto, imelala chini hadi kwenye lami. Ukitazama kwa karibu uliona sehemu ya juu ya kichwa imeachana na tundu, upenyo wa kuingia ukucha, na sehemu ya chini imekandamizwa kabisa. Nikamwambia, "Mzee, hebu tuiache ipumue." Nikaibeba kebo begani ili uzito utoke, nikasukuma kichwa kwa kiganja mpaka ule upenyo ukapotea, nikamwomba abonyeze rimoti. Ikalia *tk*, ikatoka kama haijawahi kukwama. Bahati yake kipini hakikuvunjika. Kikivunjika ndani, tundu zima hufunguliwa, na kipuri hicho hukikuti kirahisi hata ukizunguka soko la vipuri la Kisekka siku nzima.

Nitajuaje nani ameishika kebo, gari au chaja?

Hili ndilo swali ningependa kila dereva ajiulize, kwa sababu watu wanabonyeza rimoti nusu saa wakati gari halihusiki kabisa. Jibu linategemea aina ya kichwa.

Kichwa cha Taipu 2, cha duara lililokatwa juu, chenye nafasi saba za pini, hakina kitufe wala ulimi wa kujishikiza. Kinachokishika ni kipini cha gari. CCS2 ni Taipu 2 iliyoongezewa pini mbili nene chini kwa ajili ya chaji ya haraka, nayo pia hushikwa na gari. Kwa hiyo hapa rimoti, kitufe cha ndani ya gari au programu ya gari ndivyo vya kuhangaika navyo.

Kichwa cha Taipu 1, kile chenye pini tano cha Leaf na magari mengine mengi ya Japani, kina ulimi juu na kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba. Hapa mshikaji wa kwanza ni huo ulimi. Baadhi ya magari huongeza kufuli lao la kuuzuia ulimi usinyanyuke, na hapo unakuwa na washikaji wawili.

CHAdeMO, kile kichwa kikubwa cha duara cha chaji ya haraka kwenye Leaf, kufuli lake liko ndani ya kichwa chenyewe na linaamriwa na chaja. Rimoti ya gari haina kauli hapo. GB/T ya chaji ya haraka, ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la China, nayo imefungwa kwa mtindo huo. Ikikwama, maliza chaji kwenye skrini ya chaja. Ikigoma, mpigie mwenye chaja. Namba mara nyingi imebandikwa kwenye mwili wa chaja. Anaweza kuiwasha upya kutoka mbali, au akaja kuifungua kwa mkono.

Kufuli hizi hazikuwekwa ili kukusumbua. Umeme wa nyumbani hapa, volti 240 za herzi 50, hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche ikitokea huwa na nafasi ya kuzimika. Umeme wa chaji ya haraka huenda moja kwa moja bila kupumzika, na kwenye magari mengi ni takriban volti 400. Ukichomoa umeme ukiwa bado unapita, cheche haizimiki, inageuka kuwa moto mrefu mkononi mwako. Ndiyo maana sitaki kumsikia mtu akisema amepata mbinu ya kuchomoa CHAdeMO bila kuzima.

Nina Leaf ya mtumba. Nimebonyeza kitufe cha kichwa, hakibonyei.

Anza na vumbi. Barabara zetu za murram zina vumbi jekundu laini kama unga, na likichanganyika na unyevu chini ya kitufe hukauka kama udongo wa kuchomwa. Sukuma kichwa ndani, bonyeza kitufe hadi mwisho, kishikilie, ndipo uvute. Watu wengi hubonyeza nusu. Kwenye Taipu 1 kubonyeza nusu kunatosha kuliambia gari likate umeme, lakini hakutoshi kunyanyua ulimi, kwa hiyo unaona taa zimezima na unadhani kazi imekwisha.

Kama kitufe kinabonyea lakini ulimi haunyanyuki, angalia kama gari lako lina kufuli la ziada. Baadhi ya Leaf za kuanzia 2013 zina swichi karibu na usukani yenye hali tatu: kufunga, kufungua, na ile ya kiotomatiki inayofungua yenyewe chaji ikijaa. Ikiwa mwenye gari wa kwanza aliiacha kwenye kufunga, kebo haitatoka mpaka ufungue kwa makusudi.

Halafu kuna suala la lugha. Menyu ya gari iko kwa Kijapani, kitabu kiko kwa Kijapani, na aliyekuuzia alikuonyesha redio na kiyoyozi tu. Fungua kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri, ielekeze kwenye skrini, upitie mipangilio yote ya chaji siku ukiwa na nafasi. Hilo usilisubirie usiku wa mvua.

Yaka (umeme wa kulipia kabla) iliisha katikati ya chaji, au umeme ulikatika mtaani. Kebo imefungwa. Nisubiri umeme urudi?

Kwa upande wa gari, hapana. Kufuli la gari halitumii umeme wa ukutani, linatumia betri ndogo ya volti 12 ya gari lenyewe. Fungua kwa rimoti kama kawaida. Baadhi ya magari hubaki yakisubiri umeme urudi yaendelee kuchaji, kwa hiyo itabidi uyaambie kwamba umemaliza: fungua milango, au simamisha chaji kwenye skrini ya gari.

Upande wa pili ni hadithi nyingine. Kama kebo ni yako na umeichomeka kwenye nguzo ya chaji yenye tundu, nguzo nayo huishika kebo. Nguzo nyingi huachia umeme ukikatika, nyingine hushikilia hadi umeme urudi. Ikishikilia, chomoa upande wa gari, viringisha kebo vizuri pembeni, mwachie mlinzi neno, uende zako. Gari liko huru, na kebo utaifuata baadaye.

Nyumbani, zima swichi ya ukutani kabla ya kuchomoa hata kama umeme haupo. Umeme unaporudi ghafla huja na kishindo, na hutaki mikono yako iwe hapo.

Rimoti haifanyi kitu, gari liko kimya kabisa. Betri kubwa ina chaji ya kutosha. Kuna nini?

Betri ndogo imekufa. Watu hushangaa sana hapa: gari lina kilowati-saa 24 au 40 sakafuni, linashindwa kusogeza kipini chenye unene wa penseli! Lakini kompyuta, kufuli za milango na mota ya kipini vyote hula umeme wa volti 12, na betri kubwa haiungwi mpaka hiyo ndogo iwe na nguvu ya kuamsha mfumo.

Dalili zake ni taa hafifu, milango isiyoitikia, na mlio wa *tktktk* chini ya boneti. Ukiwa na kipimo, betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6; ikisoma chini ya 12, umempata mchawi. Fungua mlango kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, fungua boneti, kisha jampi, yaani uazime umeme wa betri nyingine, kama unavyojampi gari lolote: chanya kwa chanya, na waya hasi uubane kwenye chuma cha gari mbali na betri. Kwenye Leaf betri hiyo iko mbele chini ya boneti, wazi kabisa. Magari mengine huiweka buti, na buti yenyewe hufunguka kwa umeme, kwa hiyo mtengenezaji huacha sehemu ya kuunganishia waya mbele. Kitabu cha gari kitakuonyesha.

Ukijampi, subiri dakika chache kabla ya kujaribu kufungua. Usiguse waya wowote wa rangi ya chungwa. Hizo ndizo njia za umeme mkubwa.

Gari lililochomekwa siku nyingi bila kuchaji, kwa mfano Yaka imeisha na wewe umesafiri kwenda Arua, linaweza kuimaliza betri hiyo polepole. Ukisafiri, chomoa.

Nasikia kuna kamba ya dharura. Iko wapi?

Magari mengi yenye kufuli la kipini yana njia ya kukivuta kwa mkono: kamba, kitanzi cha plastiki au kijiti. Tundu la chaji likiwa nyuma, tafuta ndani ya buti nyuma ya kifuniko cha upande ule ule. Likiwa mbele, tafuta chini ya boneti karibu na tundu. Kwenye Tesla Model 3 nyingi kamba iko ndani ya buti upande wa kushoto.

Mpangilio ni muhimu kuliko nguvu. Kwanza hakikisha hakuna umeme unaokwenda. Pili, mtu mmoja asukume kichwa ndani kidogo na kubeba uzito wa kebo. Tatu, vuta kamba polepole hadi usikie kipini kimerudi. Nne, ndipo uchomoe. Usivute kamba na kebo kwa wakati mmoja, maana hapo utaikata kamba, na ikikatika hakuna njia ya pili.

Kamba hii iliwekwa kwa dharura, haikutengenezwa kuvutwa kila siku. Kama unaitumia kila wiki, mota ya kufuli imechoka na inabidi ibadilishwe. Nakuomba sana, kesho mchana, gari likiwa halichaji, itafute hiyo kamba na uione kwa macho yako. Kuitafuta gizani kwa tochi ya simu, watu wamekuzunguka kila mmoja na ushauri wake, ni mateso.

Kichwa kinanuka kuungua, au ni cha moto mkononi.

Usikiguse tena. Zima kwenye swichi kuu, si kwenye kichwa. Ukiona moshi, watoe watu karibu na gari na upige 999 au 112.

Kama hakuna moshi, kiache kipoe nusu saa. Plastiki ikipoa husinyaa, na mara nyingi kichwa hulegea chenyewe. Kikitoka, angalia pini: iliyogeuka kahawia au nyeusi, au plastiki iliyovimba kuizunguka, imekwisha. Usikitumie tena kichwa hicho hata mara moja, na usichomeke kebo isiyo na tatizo kwenye tundu lililoungua, maana tundu bovu huiunguza kebo mpya, na kebo mbovu huliunguza tundu jipya. Kama plastiki zimeyeyuka zikashikana, hiyo ni kazi ya fundi aliyejifunza magari ya umeme.

Chanzo mara nyingi kiko ukutani, kwenye soketi ya pini tatu iliyolegea au ekstensheni nyembamba. Kebo ndogo ya kubeba huvuta ampea 10 hivi, yaani karibu kilowati 2.4, saa kumi mfululizo. Soketi iliyozoea chaji ya simu na televisheni haikuandaliwa kwa mzigo huo. Wenye kebo iliyokuja na gari kutoka Japani wasome pia maandishi kwenye kiboksi chake: kama imeandikwa volti 100 au 200 tu, si ya kuchomeka kwenye 240 zetu.

Nipulizie mafuta ya kulainisha?

Hapana. Mafuta na grisi hushika vumbi, na vumbi la murram likishikana na mafuta hugeuka uji unaoziba kipini kabisa. Mengine hula plastiki. Tumia brashi laini kavu na hewa ya pampu ya mkono, umeme ukiwa umezimwa. Bisibisi, msumari au kisu visiingie kwenye tundu kwa hali yoyote.

Video zinasema nimwagie maji ya vuguvugu.

Zimetengenezwa kwa watu wa nchi za baridi, ambao kufuli zao huganda kwa barafu. Huko Mbarara au Lira hakuna barafu kwenye tundu lako. Maji yatakuongezea tatizo.

Na mvua je? Ni hatari kuchomoa ikinyesha?

Vichwa na matundu haya vimetengenezwa kwa matumizi ya nje, na pini ya mawasiliano ni fupi kuliko pini za umeme, kwa hiyo ndiyo inayoachana kwanza na kukata umeme kabla pini kubwa hazijatengana. Hatari ya mvua za Machi hadi Mei iko kwenye ekstensheni iliyolala kwenye dimbwi. Hiyo izime ndani ya nyumba kwanza. Kichwa ukishakichomoa, kifunike kwa kifuniko chake, usikitupe kwenye tope.

Ninatumia adapta, na adapta ndiyo iliyobaki kwenye gari.

Ukiwa na adapta una maungio mawili, na kila ungio lina mshikaji wake. Zima kwenye chanzo, kisha jaribu kutoa adapta na kebo pamoja kama kipande kimoja kutoka kwenye gari. Vitenganishe baadaye vikiwa chini. Ukitenganisha katikati kwanza, adapta inabaki imefungwa bila mpini wa kushika, na hapo unaanza kutafuta koleo. Adapta za chaji ya haraka zisizo na jina la mtengenezaji wala kiwango cha volti na ampea, ziache dukani.

Naweza kuondoka hivyo hivyo, au kuvutwa?

Gari halitakubali kuingia gia kebo ikiwa imechomekwa, na hilo ni jambo jema. Likilazimika kubebwa, lipakiwe lote juu ya lori. Kulivuta kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa na mota yakizunguka barabarani kunaweza kuiharibu mota.

Nikate kebo?

Usikate. Kichwa kitabaki kimefungwa vile vile, na sasa utakuwa na kebo mbovu, pengine ya mtu mwingine.

Bodaboda za umeme zina tatizo hili?

Kwa nadra. Nyingi za Kampala hubadilishiwa betri kituoni badala ya kuchomekwa. Betri ikikwama kwenye nafasi yake, mhudumu wa kituo ndiye aishughulikie.

Nikimpigia fundi simu, nimwambie nini?

Mwambie aina ya gari na mwaka, na kama lilitengenezwa kwa soko la Japani, China au Ulaya. Mtumie picha mbili: moja ya kichwa kilivyokaa kwenye tundu ikipigwa kutoka ubavuni, ili aone kama kimeinama, na nyingine ya skrini ya gari au ya chaja. Mwambie kama unasikia mlio wa mota unapobonyeza rimoti. Mlio ukisikika na kebo haitoki, kipini kimebanwa au kimevunjika. Usiposikika, aje na betri ya kujampi. Mwambie pia ukweli kuhusu kilichokwisha kufanywa, kama kuna mtu alishavuta kwa nguvu au alishaingiza bisibisi, maana hilo ndilo litakaloamua vifaa atakavyobeba.